Nilivyotuma Kifo Changu kwa Watu Kumi na Wawili

Kama umenunua gazeti hili ukitumaini kwamba Adolphe amepata akili tangu wiki iliyopita, rudi kwa muuzaji ukadai pesa yako. Hajapata. Mambo yameharibika zaidi, na mharibifu ni yuleyule.

Kwa anayeingia leo: mimi ni fundi wa pampu hapa Likasi, mgane, mwalimu wa kwaya ya parokia yetu ya Kikula. Pia ni mtu asiyeweza kupokea ujumbe wa "tuma kwa wengine" bila kuutuma. Wengine wana ulevi wa pombe, nao angalau hulewa.

Niliwaacha Jumatano ya Majivu, sebuleni kwa Mama Philomène. Nilikuwa nimemwomba tuoane. Hakukataa na hakukubali. Alisema Kwaresima hii wengine wanaacha nyama, wengine wanaacha bia, basi mimi niache kutuma ujumbe. Nikifika Pasaka sijatuma hata mmoja, atanipa jibu. Nikituma, nisimsumbue tena.

Nilikubali hapohapo. Watu waliniona nikitoka kwake na majivu kwenye paji la uso, nacheka peke yangu.

Alikuwa na sababu. Philomène anauza samaki wa barafu sokoni. Tangu mwanzo wa mwaka ulizunguka ujumbe kwamba samaki wa Kikula wanalowekwa katika dawa ya maiti ili wasioze. Eti kuna mama alikula, akalala, na macho yake hayakufunguka tena. Hakuna aliyemjua mama huyo, lakini wateja walikimbia. Meza iliyokuwa inaisha kabla ya saa sita ikawa haiguswi, na Philomène akawa anarudi jioni na samaki walewale aliotoka nao asubuhi.

Aliuliza kila mtu ni nani aliyeleta maneno hayo parokiani. Nami niliuliza pamoja naye, kwa hasira ya kweli. Hata nilipendekeza tusali novena, sala ya siku tisa, ili mtu huyo akauke mkono. Mama Philomène alisema hapana, inatosha ajulikane.

Msinicheke kabla hamjanisikia. Mwaka aliokufa mke wangu Jenny, niliwahi kupokea ujumbe wa mtakatifu fulani, nikaucheka, nikaufuta. Wiki ileile homa ikamchukua. Najua kwamba homa haisomi simu. Daktari aliniambia, na padri aliniambia. Lakini walikuwa wanaongea na masikio yangu, na kidole changu hakikusikia. Tangu siku ile nikiambiwa tuma, natuma, na ninaogopa kweli.

Na nilikuwa na utaratibu wangu. Mega, yaani bando la intaneti, ni ghali, kwa hiyo simu yangu nimeifunga isifungue picha yenyewe. Nikipokea picha naona kivuli cha kijivu tu. Maneno nayo nasoma mistari ya juu. Ujumbe ukiwa mrefu, WhatsApp huukata na kuandika chini "Lire la suite", yaani endelea kusoma. Sijawahi kugusa hapo. Nilikuwa napeleka mizigo nisiyoijua, kama mtu wa posta, ila mtu wa posta analipwa.

Basi, nilifunga. Siku za kwanza vidole viliniwasha. Nilipokea ujumbe wa Mtakatifu Rita, sikutuma. Nikapokea wa mtoto anayehitaji damu, mtoto yuleyule anayehitaji damu tangu simu zilipokuwa na vitufe, sikutuma. Philomène alikuwa ananitazama kanisani, na siku moja alitabasamu. Nilikosea kuimba mistari mizima kwa sababu ya tabasamu lile.

Kisha ikaja siku ya kwenda Koni.

Kuna mtu ana shamba huko ng'ambo ya mto Lufira, pampu yake imekufa, akaniita. Nilikuwa nasubiri pikipiki na mfuko wangu wa vyuma begani, simu ikalia. Ni namba nisiyoijua. Kivuli cha picha, na chini yake maneno:

"USICHEKE UJUMBE HII. Kuko papa moja ya Likasi, alicheka, hakuituma kwa bantu kumi na mbili. Jua mbele ya kuingia, alikufwa. Angalia picha yake, umulilie. Weye mwenye kusoma..."

Na hapo, "Lire la suite".

Jua mbele ya kuingia, yaani kabla halijazama. Nilirudisha simu mfukoni. Nikaitoa. Nikairudisha. Mwenye pikipiki aliniuliza kama nina upele.

Fikirini na nyinyi. Naenda kushika umeme kwa mkono huu na maji kwa mkono huu. Hiyo si siku ya kubishana na mambo yasiyoonekana. Nilimkumbuka Jenny. Nikasema Mungu anajua moyo wangu, na Philomène si lazima ajue kila kitu anachokijua Mungu.

Nilichagua kwa akili. Nilitafuta watu kumi na wawili wasiomjua Philomène: dada yangu Mado wa Mulungwishi, Damas anayevunja mawe Kakontwe, wateja wangu wa zamani, shemeji wa mbali. Kumi na wawili kama mitume, na Yuda nilikuwa mimi mwenyewe. Nikatuma, nikazima simu kulinda chaji kwa sababu kule shambani hakuna mtandao, nikapanda pikipiki nimetulia.

Pampu ilinipa kazi mpaka Jumamosi. Sikupigwa na umeme. Sikuanguka majini. Nililala vizuri kuliko siku zote za Kwaresima, na nilimshukuru Mama Maria kwa kunilinda.

Aliyenirudisha alikuwa kijana mmoja wa pikipiki anayeitwa Élie, mwongeaji. Hatujafika mbali akaniuliza:

"Papa, uliisha kusikia ya ule muntu ya Koni?"

Nilisema sijasikia, nilikuwa porini. Basi akanisimulia. Kulikuwa na fundi mmoja wa pampu, mzee wa heshima, alipokea ujumbe wa Mama Maria akaucheka. Saa hiyohiyo waya ukamshika, ukamrusha mpaka Lufira. Mamba akamsogelea, akamnusa, akamkataa. Walipomtoa, simu ilikuwa bado mkononi mwake, na ilikuwa inalia.

Nywele zilinisimama. Fundi wa pampu, kama mimi. Nilimwuliza jina lake, maana sisi mafundi wa pampu tunajuana. Jina hakulijua.

"Lakini picha yake niko nayo. Nikutumie?"

"Picha inakula mega," nikamwambia. "Unitumie paka maneno, maneno tu."

Nikampa namba yangu. Njia yote iliyobaki nilikuwa namwombea marehemu. Nilimsikitikia sana, na ndani kabisa nilijipongeza kwamba mimi nilituma kwa wakati.

Kwenye kona ya mtaa wetu nilikuta matawi ya mchikichi yamelazwa barabarani. Kila mtu wa Likasi anajua kwamba matawi barabarani ni alama ya kilio, madereva wapunguze mwendo. Lakini kesho yake ilikuwa Jumapili ya Matawi, na mimi ni mtu wa kanisa. Nilifurahi kuona vijana wamejitayarisha mapema mwaka huu.

Nikamlipa Élie, nikatembea. Nikasikia kwaya yangu inaimba. Nikaona turubai mbele ya nyumba yangu, viti vya plastiki, sufuria kubwa za bukari, ugali wetu, majirani wamejaa. Nilifikiri wamehamishia mazoezi kwangu kwa heshima. Kilichoniudhi ni kwamba walikuwa wameanza wimbo juu mno, na sauti ya tatu haikuwepo kabisa.

Mtu mwenye akili angejiuliza kwa nini ni wimbo wa maziko. Mimi niliweka mfuko chini, nikaingia katikati yao, nikainua mikono.

"Sauti ya tatu, munalala?" nikasema. "Tuanze tena."

Waligeuka wote kunitazama. Kisha mwanamke mmoja wa sauti ya kwanza alianguka na kiti chake. Sauti ya nne, wanaume wanaojisifu kila Jumapili, waliruka ukuta wote kwa pamoja, na hiyo ndiyo mara ya kwanza niliyowaona wakienda pamoja. Sufuria moja ilipinduka. Mbwa wa jirani alikula bukari yangu ya kilio akiwa peke yake.

Mtu mmoja tu hakukimbia. Ni Kalenga.

Niwaeleze Kalenga. Mimi ni wa ukoo wa Mbuzi, yeye ni wa ukoo wa Chui. Chui hula mbuzi, kwa hiyo koo hizi mbili ni watani tangu zamani za mababu. Akifa mbuzi, chui ndio wanaoongoza kilio. Wanachimba kaburi, wanamtukana marehemu mbele ya wafiwa, wanachukua vitu vyake wanavyotaka, na hakuna anayeruhusiwa kukasirika. Kalenga alikuwa ameketi kwenye kiti changu, amevaa koti langu la bluu, lile nililolinunua kwa ajili ya kwenda kwa wazee wa Philomène.

Alinitazama kutoka miguuni mpaka kichwani.

"Mbuzi, umechelewa," akasema. "Shimo bameisha kuchimba."

Nilimwambia anirudishie koti langu.

"Mufu haombake koti," akajibu, akafunga kifungo.

Hapo ndipo dada yangu Mado alipotoka ndani. Yeye ndiye mkubwa wetu. Aliniona, akavua kandambili, akanipiga nayo. Kisha akanikumbatia akalia. Kisha akakumbuka, akanipiga tena.

"Mutoto ya mama, nilikulilia kutoka Mulungwishi mpaka hapa. Mu motoka bantu banaanza kuninunulia mayi ya kunywa. Sasa nitabaambia nini?"

Nilimwuliza nani amesema nimekufa. Akaniambia ni mimi.

Mado alipokea ujumbe, kutoka namba yangu mwenyewe. Yeye simu yake inafungua picha zote, kwa sababu mtoto wake ndiye anayelipa mega. Aliniona mimi, macho yamefungwa, mdomo wazi, na maneno kwamba nimekufa, watu wanililie. Na kwetu mtu akifa, walio karibu naye huchukua simu yake na kuwajulisha ndugu kwa namba yake. Ni desturi sasa. Habari ya kifo chako ikitoka kwenye simu yako, haihitaji shahidi mwingine. Akanipigia, simu imezimwa. Akafunga nguo zake, akaja, na wote wakangoja maiti iletwe kutoka Koni.

Kuanzia hapo kila mtu aliongeza chumvi. Damas alisema kule Kakontwe kwamba jiwe limeniangukia. Sokoni nilikuwa nimeshikwa na umeme. Mjumbe mmoja wa baraza la parokia alituma ujumbe wa sauti kwenye kundi akieleza alivyosaidia kunibeba, na kwamba nilikuwa mzito. Kijana wa pikipiki alinisimulia kifo changu chote, na mimi nikamwomba anitumie kwa maandishi.

Mado alininyooshea simu yake. Nikaiona picha kwa mara ya kwanza. Niseme ukweli, hata mimi ningelia. Kichwa kimelala upande, kidevu kimeanguka, mkono umening'inia. Nilikuwa maiti nzuri kabisa.

"Kuya uone yenye ulifanya," Mado akasema, akanivuta ndani.

Wanawake walikuwa wamekaa chini, wameegemea kuta. Katikati kulikuwa na mkeka, mahali pa mjane. Kwenye mkeka alikuwa Philomène.

Hakuwa na viatu. Kitambaa chake kilikuwa kimefunguliwa, nywele nje. Mado alininong'oneza kwamba hakuna aliyempa mahali pale. Aliingia, akavua viatu mlangoni, akapita wanawake wote, akaketi. Na watu wa parokia, waliokuwa wanabishana mwaka mzima kama kuna jambo kati yetu, wakanyamaza.

Huyu ni mwanamke aliyekuwa haniruhusu hata kumbebea ndoo sokoni, watu wasije wakasema. Nilifurahi. Nilifurahi mpaka nikasahau kwamba nimekufa.

Akainua macho. Alikuwa amelia mpaka uso umevimba. Alinitazama kwa muda, na nikaona furaha inapita usoni mwake, halafu kitu kingine kikaja nyuma yake na kuifukuza.

"Adolphe," akasema, "ulinijaribu."

Sikuelewa. Akarudia kwamba nilijua. Nilijua nilichokuwa natuma, nikatuma makusudi, nikazima simu, ili atoke mbele ya watu wote na kukaa pale. Sasa nimempata bila jibu lake. Wanawake wakaguna. Mado naye akanitazama vibaya, na nikasikia neno "mushenzi" kutoka ukutani.

Angalieni nilipokuwa. Nikikubali kwamba nilituma nikijua, mimi ni mwongo aliyemliza mwanamke ili amshike. Nikisema sikujua, basi nimekula Kwaresima yangu kabla ya Pasaka, na nilishaambiwa nisimsumbue tena. Milango ilikuwa miwili na yote inatoka nje.

Kalenga alikuwa amefika mlangoni na koti langu. "Mbuzi anatafuta mahali pa kupitia," akawaambia wale waliokimbia, ambao sasa walikuwa wanachungulia nyuma yake.

Nilimtazama Philomène pale chini. Nilikuwa naweza kutunga uongo. Ningesema simu iliibiwa, na nusu ya chumba ingenisadiki, kwa kuwa ni watu wanaosadiki kila kitu. Lakini alikuwa amenililia kweli, na sikutaka alie kwa ajili ya mwongo.

"Sikukujaribu," nikasema. "Minye nilivunja mufungo. Iliniambia nitume kwa bantu kumi na mbili, nikaogopa, nikatuma. Sikujua ni minye."

"Haukufungua picha?"

"Picha inakula mega."

Kalenga alianza kucheka, na chumba kizima kikamfuata. Walicheka wanawake waliokuwa wanalia, alicheka Mado huku anajifuta machozi. Mama mmoja aliomba nirudie ili aliye nje asikie. Nikarudia. Ningefanya nini?

Philomène hakucheka. Alikuwa ananichunguza usoni, kama anavyochunguza jicho la samaki kabla ya kununua.

"Kwa sababu ya Jenny?" akaniuliza polepole. Nikaitikia kwa kichwa. Akashusha pumzi.

Hapo nikapata akili kidogo, jambo ambalo hunijia likiwa limechelewa. Nikaichukua tena simu ya Mado, nikaitazama ile picha. Nyuma ya kichwa changu kulikuwa na kitambaa cha kufuma cha kufunika kiti, chenye maua mekundu. Nakijua kiti hicho. Ni cha sebuleni kwa Philomène. Nililala pale siku niliyomtengenezea friji ya samaki, baada ya kula bukari mpaka nikashindwa kusimama.

Nilimwonyesha.

"Njo minye," akasema. "Minye niliitunga. Mutoto yangu Providence njo alikupiga ile picha, akanisaidia kuituma na namba yenye haujue. Nilisema: kama anafungua mbele ya kutuma, atajiona, atacheka, ataniita. Kama hafungue, nitajua. Mangaribi mama moja ya soko akanirudishia yenyewe. Nikakasirika. Nikasema, bon, ameanguka, ile mambo imeisha."

Akavuta kitambaa begani.

"Kisha yaya yako Mado akakuya na kulia. Nakuita, telefone haipite. Nakuita tena, haipite. Adolphe, nilikuandika mufu na mukono yangu. Nilizani Mungu amesoma."

Hakuna aliyecheka sasa. Mwanamke huyu ndiye aliyekuwa anatuambia kila siku kwamba ujumbe hauui mtu. Alikaa kwenye mkeka ule akiamini kwamba ameniua. Nilitamani kupiga magoti, lakini mara ya mwisho nilipopiga magoti mbele yake ndipo matatizo yalipoanza.

"Uliisoma mpaka mwisho?" akaniuliza.

Nilisema hapana. Akamtazama Mado. Mado akatazama chini. Akawatazama wanawake wote kando ya ukuta, na kila mmoja akaanza kurekebisha kitenge chake. Umati wote ule uliokuja kunililia, hapakuwa na mtu hata mmoja aliyegusa "Lire la suite".

Nikagusa mimi, kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Haikula mega hata kidogo. Maneno yakafunguka, na chini kabisa, baada ya Amina tatu, nikasoma kwa sauti:

"Adolphe, kama unasoma hapa mbele ya kutuma, jibu ni ndiyo. Usingoje Pasaka. Kuya na bakubwa yako."

Chumbani ikasikika milio midogo ya simu, kila mtu anafungua yake kuhakikisha. Mtu mmoja akasema "yo". Mimi nilikuwa nimesimama na ile simu ya dada yangu, na herufi zilikuwa zinacheza kwa sababu macho yalikuwa yamejaa. Jibu lilikuwa mfukoni mwangu siku zote zile za Koni. Nilikuwa nimelituma kwa watu kumi na wawili na sikulichukua mimi.

"Na mwenye alituma mbele ya kusoma?" nikauliza.

Aliyejibu ni Kalenga, maana kilio bado kilikuwa chake.

Alisema mjane hajiinui mwenyewe kutoka mkekani. Anainuliwa na upande wa marehemu. Na marehemu huyu, kwa sababu ya ubahili wa mega, amefika mwenyewe. Basi amwinue yeye, au mama akae pale mpaka mbuzi afe vizuri. Chui wamesema.

Watu wakapiga makofi. Nilimwona Philomène anajizuia, kisha mdomo wake ukalegea upande mmoja. Lilikuwa lile tabasamu la kanisani. Nilinyoosha mkono wangu. Naye akanyoosha wake, na nikadhani nimepona.

"Hapana ule mukono," akasema. "Telefone yako kwanza."

Nilicheka. Nikaitoa, nikaiwasha, nikampa kwa moyo mweupe kabisa, kwa kuwa nilikuwa nimeshaungama yote. Ujumbe ukaanza kuingia, pole za kifo changu, na wa Élie wa pikipiki nao ukaingia. Philomène hakuutazama. Aliingia kwenye kundi la kwaya, akaanza kupandisha juu kwa kidole. Akapita maandalizi ya Matawi, akapita wiki za Kwaresima, na hapakuwa na kitu kutoka kwangu. Alikuwa anatikisa kichwa kidogo, kama mtu anayeridhika.

Akapita Majivu. Akaendelea kupanda.

Simu yake iliharibika mwezi wa pili na ujumbe wa zamani ulipotea, na wengine wa kwaya hufuta kila kitu ili simu isijae, lakini yangu haifuti kitu. Na mimi, ndugu zangu, sikujua kilichokuwa huko juu. Nilikuwa nimetuma mwaka mzima picha nisizoziona na maneno nisiyoyasoma.

Kidole chake kikasimama.

Alisoma moyoni kwanza. Kisha akasoma kwa sauti ndogo, na chumba kizima kikasikia: "Bamama ya Kikula, musinunue tena samaki ya soko, bako nailoweka mu dawa ya maiti." Akanigeuzia simu. Juu ya maneno hayo ilikuwa imeandikwa "Transféré", yaani umepokewa na kutumwa tena. Yalikuwa upande wa kulia, kwenye rangi ya kijani, mahali pa ujumbe unaotoka kwangu. Hakuna mwingine aliyekuwa ameuleta kwenye kundi lile kabla yangu.

Mtu niliyetaka akauke mkono alikuwa mimi.

Philomène aliweka simu yangu chini, pembeni ya mkeka, taratibu. Mkono wangu ulikuwa bado umenyooka. Hakuutazama. Akavuta kitambaa chake, akajifunika kichwa, akakaa vizuri mahali pa mjane na kukunja miguu.

"Chorale," akasema, "muendelee."

Na kwaya yangu, ambayo tangu nianze kuifundisha haijawahi kuanza wimbo mahali pake, ikaanza ule wa maziko mahali pake, na sauti ya tatu ilikuwepo.